Watu Kumi wa Kwenda Jojia

Kwa miaka kumi na mmoja Mercyline Kageha alikuwa akiwauzia watu uongo, na kazi hiyo aliifanya vizuri.

Kila asubuhi aliketi nyuma ya meza ya matembezi katika hoteli ya nyota tatu huko Bur Dubai, na tabasamu alilolivaa pamoja na sare. Aliwaambia wageni kwamba jangwa ni tupu, kwamba ngamia ni wapole, na kwamba kikundi ni kidogo, kama familia. Kisha gari lilikuja, watu saba wakabanwa ndani yake, na huko jangwani wakakuta magari mengine sitini yamewatangulia. Jioni walirudi na mchanga masikioni na kumshukuru. Hapo ndipo alipojifunza kuwadharau watu. Hakuwachukia, maana chuki inataka nguvu. Aliwadharau tu, taratibu, kama mtu anavyopangusa meza.

Mwaka huo likizo yake ilipofika hakuwa na hamu ya kwenda Vihiga. Mama yake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na waliobaki nyumbani ni binamu wa kumpokea mtu kwa kutazama begi kwanza, uso baadaye. Akaamua naye atalii. Akachagua Jojia, kwa sababu kila Mkenya aliyemjua Dubai alikuwa na picha ya Jojia, amesimama kwenye theluji na koti la kuazima, ameachama mdomo.

"Kama hao wameenda na wakarudi wazima," alimwambia Virginia, "hata sisi tutarudi."

Virginia ndiye aliyeishi naye chumba kimoja katika mtaa wa Naif, huu ukiwa mwaka wa sita. Alikuja Dubai kama yaya, akalea watoto wa watu miaka mingi, na sasa alikuwa akifunga mizigo kwenye duka la wasafirishaji, mashuka na masufuria ya wafanyabiashara wa Nairobi na Kampala. Katika hesabu za Mercyline, Virginia alikuwa mshamba kidogo, mtu wa kununua sumaku za friji zenye picha za majengo ambayo hajawahi kuyaingia. Lakini Mercyline alipougua homa ya mapafu, ni Virginia aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake siku tisa ili amsikie akikohoa. Kwa hiyo yeye alimdharau kwa upole.

Siku yao ya mapumziko walivuka mkono wa bahari kwa abra, mashua ya abiria, wakaenda kwa Faiz wa safari, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa, chumba chenye kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo ya rangi. Faiz alizaliwa hapohapo Dubai katika ukoo wa Kizanzibari, na Kiswahili chake kilikuwa laini kama aliyetia samli kooni.

"Karibuni, dada zangu. Jojia siku sita. Kikundi kidogo, kiongozi hodari, chakula cha kienyeji. Mtakuwa kama familia."

Mercyline alisikia neno lake mwenyewe likitoka katika kinywa cha mtu mwingine, akamwonea Faiz karibu huruma.

"Kikundi cha watu wangapi?"

"Wachache tu."

"Wachache ni wangapi?"

"Kumi na wawili, kumi na watano hivi, inategemea."

"Basi lina viti vingapi?"

Faiz akajikuna shingo. "Ishirini na vinane."

"Na utaviacha vitupu?"

"Hebu dada, mbona wanikaba koo? Havitakuwa vitupu. Kila mtu huuza hivi."

"Najua. Hata mimi nauza hivi." Akaivuta ratiba na kuisoma kwa sauti, kama mwalimu anayesomea darasa insha ya mtoto mzito. Siku ya kwanza, mji mkongwe. Siku ya pili, kanisa la mlimani. "Siku ya nne: chakula cha mchana nyumbani kwa mkulima wa zabibu. Tafadhali msimlishe mbwa." Akainua macho. "Hii ni ratiba ama ni barua ya mwenye mbwa?"

"Wenzetu wa kule ndio walioiandika," Faiz alisema. "Mimi hutafsiri tu. Na mbwa yupo kweli."

"Mimi ningependa kumwona huyo mbwa," Virginia alisema.

Walipotoka nje Virginia alisema amempenda Faiz, maana mwishowe alisema ukweli.

"Amesema kwa sababu nimemkamua. Watu ishirini na wanane, Virgi. Huo si utalii, hiyo ni kwaya."

Virginia akatangulia kuelekea kwenye abra.

Wiki hiyohiyo tangazo la Lawrence likaingia katika simu ya Mercyline. Lawrence alikuwa Mkenya aliyejulikana kwa kuvaa koti bila tai na kuzungumza kama anasoma taarifa ya habari. Kampuni yake ilikuwa na jina la Kiingereza refu kuliko ofisi. Tangazo lilisema: watu kumi tu, wasafiri na si watalii, waombaji watachujwa.

Mercyline aliyajua maneno yote ya biashara ile. Aliyajua jinsi mchinjaji anavyozijua nyama. Lakini hilo neno kuchujwa lilimwingia. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipokea yeyote aliyesukuma mlango wa hoteli, mlevi, mchoyo, mnuka jasho, na hakuwahi kuwa mahali ambapo mtu huchaguliwa. Akajaza majina mawili, lake na la Virginia.

Wakaitwa kwenye chai, katika mgahawa wa ghorofa ya thelathini na kitu. Walikuta watu tisa, Wakenya na Waganda, wote wakikaa kwa namna ya watu wanaotaka waulizwe wanafanya kazi gani. Austine alikuwa meneja wa ghala na alitamka neno meneja hata alipoomba maziwa. Allen, mwanamke wa Kiganda mwenye miwani mikubwa, alikuwa mhasibu wa kiwanda huko Dubai Investments Park, na alishika kikombe kana kwamba kikombe ndicho kilichobahatika. Mercyline aliwapima mmojammoja kutoka utosini hadi viatuni, akawaona wajinga watupu, na akataka sana wamkubali.

Lawrence akagawa fomu. Kulikuwa na nafasi ya kazi, nafasi ya cheo, na nafasi ya nchi ulizotembelea. Mercyline aliandika "mratibu wa matembezi". Pembeni yake Virginia aliandika, kwa herufi kubwa za mtu asiyeona haya, "kufunga mizigo". Mercyline aliiona na akatamani kuifunika kwa kiganja.

"Kwa nini mnachuja?" Austine aliuliza, ingawa jibu alilijua na alitaka tu kulisikia.

"Kikundi kidogo ni watu," Lawrence alisema. "Ukikosea watu, umekosea safari."

"Ni kweli," Allen akasema. "Hizo safari zingine zimejaa mayaya na askari wa getini. Mtu anaomba ruhusa kwa madam wake, anaenda kushika theluji, anatuma picha kwa mama yake kijijini, eti yeye ni mtalii. Khalas, nchi imeharibika."

Meza nzima ikacheka. Mercyline naye akacheka, na hakucheka kwa adabu. Alicheka kwa sauti, akarudisha kichwa nyuma, kicheko cha mtu anayetaka kuonekana anacheka. Alipokirudisha kichwa mahali pake alimwona Virginia ameshika biskuti, hajaila, anaitazama.

Walirudi Naif kwa treni. Virginia alizungumza habari za joto lililoanza kupungua.

Siku ya tatu Lawrence alimpigia Mercyline kazini. "Madam Mercyline, hongera, umepita. Huyo rafiki yako, tumeona hatuendani naye. Utajua namna ya kumwambia."

Jioni Mercyline alimkuta Virginia akipiga pasi, akasema akiwa bado anavua viatu, "Kwa Lawrence kumejaa. Nafasi ilibaki moja tu, wakanipa mimi."

Virginia aligeuza blauzi upande wa pili. "Sawa. Mimi nitaenda na Faiz."

"Utabanwa na watu."

"Nimezoea."

Mercyline alijiambia kwamba jambo limekwisha salama. Alikuwa na ustadi wa kujiuzia maneno, sawasawa na alivyowauzia wengine.

Baada ya majuma mawili waliokubaliwa waliitwa tena kupokea ratiba na kumaliza malipo. Walikuwa kumi, pamoja na Mercyline. Kila mmoja alipewa mtandio wa kijivu wenye jina la kampuni, na Austine aliufunga shingoni palepale, ndani ya jengo, huko nje jua likichoma lami. Kisha Lawrence akagawa karatasi. Ya juu iliandikwa majukumu, na chini yake kulikuwa na jina moja tu.

Mercyline: kuamsha watu asubuhi, kuhesabu mizigo, kushika pasipoti, kuagiza vyakula, kutunza dawa.

Aliisoma mara mbili. "Hii ni nini?"

"Wewe ni mtu wa hoteli," Lawrence alisema kwa uchangamfu, kama anayetoa zawadi. "Kazi unaijua. Nilipoona fomu yako nikasema, huyu Mungu ametuletea. Sisi wengine huwa tunasahau vitu tukiwa likizo."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Utakuwa nasi."

Allen hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Kahawa yangu asubuhi haina sukari," alisema. "Uandike, maana watu husahau."

Damu ilimpanda Mercyline mpaka masikioni. Aliwatazama wote, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Walikuwa wamemtazama siku ile ya chai, naye akijiona anawapima, kumbe wao walikuwa wameshamaliza. Alikuwa amechujwa, ndiyo, kama majani ya chai yanavyochujwa.

Ili asiseme neno ambalo sauti ingelivunja, alifunua karatasi ya pili. Mji mkongwe. Kanisa la mlimani. Akateremsha kidole. Siku ya nne: chakula cha mchana nyumbani kwa mkulima wa zabibu. Tafadhali msimlishe mbwa.

Akatulia. Akatazama ndege, ni ileile. Akatazama saa, ni ileile. Jina la hoteli lilikuwa lilelile alilolicheka kwa Faiz kwa sababu halikutamkika. Hata koma zilikaa mahali pamoja. Lawrence hakuwa na safari. Alikuwa na mitandio.

Dharau ilimrudia kama damu inavyorudi mguuni baada ya ganzi, kwa kuchoma kwanza, kisha kwa joto tamu. Angeweza kusimama na kuwaambia. Aliwatazama: meneja na mtandio wake, mhasibu na kahawa yake, wote wameketi wakingoja kwenda Jojia bila mayaya. Akaona kuwaambia ni kuwafanyia kazi bure, na kazi za bure ameshaandikiwa za kutosha.

Akaikunja karatasi, akaitia mkobani, akausukuma mtandio kurudi katikati ya meza.

"Lawrence, mimi nitoe."

"Kwa nini sasa, madam? Mambo yamekamilika."

"Mimi naona watu kumi ni wengi." Akasimama. "Lakini nyinyi mtafurahi. Tena mtakutana na watu wazuri."

"Watu gani?" Allen aliuliza, sasa akiwa ameinua macho.

"Inshallah mtawaona," Mercyline alisema, akaondoka.

Kesho yake aliomba ruhusa ya saa moja akapanda ngazi za Faiz. Ndoo ya kiyoyozi ilikuwa imejaa na Faiz alikuwa akiimwaga kwenye choo. Nafasi ilikuwepo, moja, ya mtu aliyenyimwa likizo na mwajiri wake.

"Wale wa Lawrence wamo humo?" Mercyline aliuliza.

"Wamo. Kila mara huniletea watu." Faiz alifuta mikono kwenye suruali. "Yeye huwapa mitandio, mimi nawapa basi. Nawe wawajuaje?"

"Nawajua."

"Wazuri?"

"Utawapenda. Ni kama familia."

Faiz alicheka, na Mercyline akacheka naye, wachuuzi wawili wa uongo mmoja, na kwa mara ya kwanza alimwona kuwa mtu wa heshima kuliko wengi aliokutana nao mwezi ule.

Sehemu ngumu ilibaki Naif. Alimkuta Virginia nyuma ya duka akifunga maboksi ya masufuria, utepe mdomoni, magoti yamebana boksi lisifunguke. Mercyline alisimama mlangoni akaeleza kwa nini sasa naye anakwenda na Faiz. Alianza na Lawrence na orodha ya majukumu, na kahawa isiyo na sukari, akaisimulia vizuri kwa sababu kusimulia alijua, akingoja Virginia acheke. Alipofika kwa mbwa Virginia alitabasamu kidogo. Ndipo Mercyline akasema upesi kwamba siku ile kwa Lawrence hakukuwa kumejaa.

Virginia alikata utepe kwa meno. "Najua."

"Unajua nini?"

"Lawrence alinitumia ujumbe siku ileile. Kabla hujarudi kutoka kazini. Aliandika kwa heshima sana, akanitakia mema." Alilisukuma boksi kando akavuta jingine. "Nilikuwa nangoja nione utasema lini."

"Virgi, mimi nilitaka..."

"Wacha tu. Kunidanganya ni kazi yako, umezoea. Mimi kile kicheko ndicho kilichonikaa." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma uzito wa mzigo kwenye mizani. "Huyo mwanamke simjui, aseme anachotaka. Wewe unajua nililala wapi nikiwa yaya. Unajua picha ya kwanza nilimtumia mama nikiwa wapi. Ni mimi nilikuambia."

Katika maneno yote aliyoyauza Mercyline hakukuwa na hata moja lililofaa hapo.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Nitakusamehe," Virginia alisema. "Lakini si leo. Na chumba cha kule Jojia nimeshapanga na Everlyn wa duka la pili. Hatubadilishi."

Siku ya safari walifika uwanja wa ndege saa nane mchana. Faiz alikuja kuwasindikiza na bendera ya rangi ya machungwa, akaiinua juu ya kichwa, na watu wakaanza kumiminika chini yake: askari wa getini watatu waliokuwa wamenyoa siku hiyohiyo, mayaya wenye makoti ya kuazima mikononi, mpishi mmoja, wasichana wa saluni. Virginia na Everlyn walisimama mbele kabisa.

Kisha mitandio ya kijivu ikatokea. Walikuwa tisa. Lawrence hakuonekana, ilisemekana amepata dharura na atawakuta hukohuko, na aliyeamini hilo alikuwa Austine peke yake. Walisimama hatua kumi kutoka kwenye bendera, wakiitazama kama watu wanaongoja ipite.

Faiz alifungua orodha. "Everlyn. Virginia. Lukman." Akageuza ukurasa. "Austine. Allen."

"Samahani," Austine alisema. "Sisi ni kikundi tofauti. Basi letu ni lipi?"

"Basi ni moja, ndugu yangu."

"Sisi ni watu kumi tu."

"Ni kweli. Kumi tu katika basi moja. Yalla, tupange mstari, dada zangu, tusichelewe."

Mercyline alikuwa amezingoja nyuso hizo siku nyingi, na sasa zilikuwa mbele yake. Austine alianza kuulegeza mtandio shingoni. Allen alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba askari na mayaya wale walikuwa uchafu wa kwenye kioo. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Akageuka kumtafuta Virginia ili wakutane macho, na akaona kisogo tu. Virginia alikuwa akimwonyesha Everlyn jinsi ya kufunga zipu ya begi. Utamu ukamwishia mdomoni palepale, hakuna wa kuugawana naye.

"Vyumba," Faiz alisema. "Kila chumba watu wawili. Wote wameshapata wenzao, isipokuwa wawili." Akaipekua karatasi, na usoni alikuwa amekunja makunyanzi ya mtu anayejua atakaloambiwa. "Huyu mmoja mwenzake alijitoa kwa Lawrence. Na huyu wa pili alichelewa kujiandikisha. Basi mtakaa pamoja. Allen na Mercyline."

"Haiwezekani," Allen alisema.

"Nipange na mtu mwingine," Mercyline alisema wakati huohuo.

"Hakuna mwingine. Wawili ndio nyinyi." Faiz akawapa karatasi moja ya kushika wote wawili, akaenda zake kuwasaidia askari na mizigo.

Walibaki wamesimama, karatasi kati yao. Mercyline alimtazama Allen kutoka kwenye miwani hadi kwenye viatu vyeupe visivyofaa theluji, na akaona kwamba Allen anamtazama vivyo hivyo, kutoka juu kwenda chini, kwa mwendo uleule. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayefanya kazi yako.

"Ulijua," Allen alisema. "Siku ile ulijua, ukanyamaza."

"Nilijua."

"Mimi ningesema."

"Ungesema," Mercyline alisema, "kama wangekuwa wamekuandikia pasipoti na kahawa?"

Allen alifikiri. Alikuwa mwongo pia, lakini wa hesabu, na waongo wa hesabu hawapendi kukosea mbele ya mtu. "Hapana," alisema.

Mstari ukaanza kusogea. Mbele, Virginia alikuwa ameshafika kwenye kaunta, ameweka begi juu ya mizani, anamcheka askari mmoja ambaye begi lake lilikuwa limezidi uzito. Mercyline alitaka kumwita na hakujua angeanza na nini. Siku sita ni nyingi, aliwaza. Katika basi moja, kwa mkulima, mahali fulani atapata pa kuketi karibu naye.

"Unakoroma?" Allen aliuliza nyuma yake.

"Sijui. Anayejua hanisemeshi."

Allen akalisukuma begi lake mbele kwa mguu, kisha, baada ya kusita, akalisukuma na la Mercyline.

"Basi tutajua leo," alisema.